Kompyuta mpakato iliyogoma kuwaka baada ya umeme kukatika katikati ya sasisho: namna ya kuiokoa kabla ya kupiga Windows upya

Ukipeleka kompyuta mpakato isiyowaka kwa fundi hapa Ngamiani, Tanga, aghalabu jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba ipigwe Windows mpya. Kwa fundi jibu hilo ni jepesi, kwa kuwa kazi yenyewe haimalizi hata nusu siku na bei yake inajulikana mtaa mzima. Kwa mwenye kompyuta, hata hivyo, linaweza kuwa ghali kuliko kifaa chenyewe, kwani Windows ikipigwa kwa pupa hufuta kila kilichokuwamo kwenye diski. Mimi mwenyewe ni fundi, na nimeona za kutosha kuweza kusema kwamba kompyuta nyingi zilizokwama kwa sababu ya sasisho lililokatizwa hurudi na mafaili yake yote, mradi mwenyewe asiharakishe na afuate hatua kwa mpangilio. Maelezo haya yanahusu Windows 10 na Windows 11, na majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo ili msomaji asiyatafute bure.

Kilichokatizwa ni nini hasa

Sasisho hupita katika vipindi viwili, na watu wengi huogopa kile kisicho na hatari. Kipindi cha kwanza ni cha kupakua: bando likiisha hapo, hakuna kinachoharibika, kwa sababu mafaili yanayoshushwa huwekwa pembeni na mfumo bado haujaguswa. Hatari imo katika kipindi cha pili, pale kompyuta inapojizima na kujiwasha yenyewe huku asilimia zikipanda taratibu na maandishi yakikuonya usizime. Wakati huo mfumo unabadilisha mafaili yake wenyewe, yakiwamo yale yanayotumika kuiwasha, na umeme ukikatika katikati, nusu ya nyumba inakuwa na paa jipya na nusu haina paa.

Umeme kukatika kusingekuwa na uzito wowote kama betri ingekuwa nzima. Tatizo ni kwamba kompyuta mpakato nyingi zinazotumika hapa mjini zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, betri zake zimechoka, na wenyewe wamezoea kuziacha zimechomekwa ukutani mchana kutwa kama friji. Siku umeme unapokatika, nazo huzimika hapo hapo.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea ya kwake Ijumaa jioni, ameifunga katika mfuko wa nailoni na kuiweka kwenye kapu la baiskeli. "Fundi, mitihani ya mock ya kidato cha nne imo humo humo, na Jumatatu inatakiwa ichapwe," alisema kabla hata sijamaliza kumwamkia. Umeme ulikuwa umekatika sasisho likiwa limefika asilimia 64, na tangu uliporudi alikuwa amejaribu kuiwasha na kuizima kwa nguvu mara kadhaa. Nitairejea kompyuta yake kila inapohitajika, kwa sababu ilipita karibu hatua zote zilizomo humu.

Hatua ya kwanza: subiri

Baada ya umeme kurudi, usiichomeke kompyuta papo hapo. Mara nyingi umeme hurudi ukiwa na nguvu isiyotulia, hivyo acha dakika chache zipite, kisha uchomeke chaja na uwashe mara moja tu.

Kioo kikionyesha vitone vinavyozunguka, au maneno "Undoing changes made to your computer", maana yake ni kwamba Windows imetambua kuwa kazi ilikatizwa na sasa inajaribu kurudi ilipotoka. Mfumo huu haufuti matoleo ya zamani ya mafaili yake mpaka uhakikishe mapya yamekaa sawa, na ndiyo maana unaweza kurudi nyuma. Kwenye diski ya kisasa isiyozunguka, yaani SSD, kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Kwenye diski ya zamani inayozunguka inaweza kuchukua saa mbili au tatu bila dalili yoyote ya maendeleo kwenye kioo. Tazama taa ndogo ya diski kama kompyuta yako inayo: ikiwa inapepesa, kazi inaendelea. Mimi hupima muda kwa muuza kahawa. Akipita na birika lake mara ya tatu na vitone bado vinazunguka huku taa ya diski imelala, ndipo ninapoanza kufikiria hatua nyingine.

Kosa la mwalimu lilikuwa hapa. Kila alipoizima kwa nguvu, aliikatiza kompyuta ikiwa katikati ya kujirudisha, na hivyo kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Hatua ya pili: jua kama tatizo ni mfumo au ni kifaa

Sasisho haliwezi kulaumiwa kwa kila kitu. Ukiwasha na nembo ya mtengenezaji ikaonekana, kisha mambo yakakwama baada ya hapo, tatizo liko kwenye mfumo na utaendelea na hatua ya tatu. Ikiwa kioo ni cheusi kabisa na hata nembo haionekani, anza na kifaa. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha chaja peke yake na uwashe.

Isipoitika, na kama unaweza kufungua kifuniko cha chini, chomoa kadi ya kumbukumbu, yaani RAM, usugue meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli, upanguse vumbi la ufutio, na uirudishe mpaka isikike ikibana. Kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, hewa ya chumvi hula miguso hiyo polepole, na kompyuta iliyokuwa ikisuasua kwa miezi inaweza kuchagua siku ya sasisho kugoma kabisa.

Lipo jambo moja zito zaidi. Baadhi ya masasisho huwa na ya BIOS ndani yake, yaani programu ndogo iliyo kwenye bodi ya kompyuta na inayoamka kabla ya Windows. Likikatizwa hilo, dalili yake huwa ni kioo cheusi pamoja na taa ya Caps Lock inayopepesa. Kompyuta nyingi za HP hujirekebisha ukishikilia kitufe cha Windows pamoja na herufi B, kisha ukabonyeza cha kuwashia kwa sekunde mbili au tatu. Za Dell nyingi huitika kwa Ctrl na Esc. Hilo likishindikana, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kuandika upya chipu ya BIOS, na hatua zinazofuata hazitaisaidia.

Hatua ya tatu: ingia upande wa matengenezo

Windows ina sehemu yake ya kujitengeneza iliyo nje ya mfumo wenyewe. Kwa kawaida hujifungua yenyewe baada ya kuwaka kushindikana mara mbili mfululizo. Isipojifungua, ilazimishe: washa, na mara nembo inapotokea, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 mpaka izime, rudia, mara ya tatu iache iendelee. Utaona "Preparing Automatic Repair", kisha ukurasa wa buluu wenye "Advanced options". Huku ndiko kuzima kwa nguvu pekee kunakokubalika, na ni kwa sababu unakufanya kabla mfumo haujaanza kuandika chochote.

Ikiwa hata ukurasa huo hautokei, utahitaji flashi ya kuanzia GB 8 iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine kwa programu ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool. Chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwashia (F12 kwa Dell na nyingi za Lenovo, Esc kisha F9 kwa HP), na ukifika kwenye ukurasa wa usakinishaji usibonyeze kitufe cha kusakinisha. Tafuta "Repair your computer", ambayo kwenye flashi za Windows 11 za karibuni imeandikwa "Repair my PC". Wengi wamepoteza mafaili yao katika ukurasa huo kwa kubonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote.

Ukiulizwa tarakimu 48

Kabla ya kukuruhusu kwenda mbali, kompyuta inaweza kukudai ufunguo wa BitLocker, ambao una tarakimu 48 katika makundi manane ya sita sita. Maana yake ni kwamba diski imefungwa kwa usimbaji, na bila ufunguo huo hakuna fundi duniani atakayeifungua, kwa hiyo anayekuahidi vinginevyo anataka pesa yako. Ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili kompyuta. Ingia kwa simu katika account.microsoft.com/devices/recoverykey na utauona.

Hapo ndipo huzuka kizaazaa cha mara kwa mara. Mtu anakumbuka barua pepe zake zote na ufunguo haupo katika yoyote, kwa sababu siku aliponunua kompyuta, muuzaji au fundi aliyeiandaa alitumia akaunti yake mwenyewe ili kazi iishe haraka. Mtafute huyo kwanza. Mwalimu wangu alilazimika kumpigia simu mpwa wake aliyemnunulia kompyuta, na tarakimu zikaja kwa ujumbe, nami nikaziandika moja moja huku yeye akinisomea kwa sauti kama anaita mahudhurio.

Hatua ya nne: dawa nyepesi

Kwenye "Advanced options" anza na "Startup Repair". Haigusi mafaili yako, na hata ikikuambia imeshindwa hujapoteza kitu. Isipofaulu, nenda kwenye "Uninstall Updates", ambako utapewa chaguo mbili: kuondoa sasisho dogo la mwisho la maboresho, au kuondoa sasisho kubwa linalobadilisha toleo zima. Chagua lile lililokatizwa. Kama hujui, anza na dogo. Kurudi nyuma kutoka kwenye toleo kubwa huwezekana kwa kawaida ndani ya siku 10 tu, kwa kuwa baada ya hapo Windows hufuta nakala ya mfumo wa zamani ili kuokoa nafasi.

Lipo pia chaguo la "Startup Settings", ambalo baada ya kuwasha upya hukuruhusu kubonyeza 4 ili kuingia katika hali salama. Wakati mwingine kompyuta ikiwaka humo mara moja, sasisho humalizika lenyewe na kompyuta ikawaka kawaida mara inayofuata.

Hatua ya tano: toa mafaili nje kabla ya dawa kali

Kama bado haijawaka, usiende mbele bila nakala. Hatua hii ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Chomeka flashi au diski ya nje, chagua "Command Prompt", na katika dirisha jeusi litakalofunguka andika:

notepad

kisha ubonyeze Enter. Programu ndogo ya kuandikia itafunguka. Bofya "File", kisha "Open", na chini kulia ubadilishe "Text Documents" iwe "All Files". Dirisha hilo dogo la kufungulia faili sasa ni mlango wa diski yako nzima. Ingia "This PC", fungua diski yenye folda ya Users, ingia kwenye jina lako, na utazikuta Desktop, Documents na Pictures. Kama Desktop inaonekana tupu, usishtuke. Angalia ndani ya folda ya OneDrive, kwa maana Windows huwa na tabia ya kuzihamishia humo bila mwenyewe kutambua. Bofya kulia juu ya folda, chagua "Copy", nenda kwenye flashi, bofya kulia tena na uchague "Paste".

Dirisha litaganda. Hakuna mstari wa maendeleo wala saa inayozunguka; kioo kinakaa kimya kana kwamba kimekufa, ilhali taa ya flashi inapepesa. Tulipofika hapo kwenye kompyuta ya mwalimu, alinyoosha mkono kutaka kuizima. Nikamwomba radhi na kumshika kiganja kwa upole, tukakaa vivyo hivyo kwa muda wa karibu robo saa mpaka kishale kiliporudi. Folda ya mitihani ilikuwa na mafaili 31, na alitaka kuyaona yote kwa macho yake kwenye kompyuta yangu kabla hajakubali tuendelee.

Fungua faili mbili tatu kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha. Kama una video inayozidi GB 4 na flashi inaikataa, flashi hiyo imeandaliwa kwa mtindo wa FAT32. Tumia nyingine yenye NTFS au exFAT. Na ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga, toa mafaili muhimu tu na usiendelee na hatua ya sita, kwa sababu ukaguzi wake huizidishia kazi diski inayokata roho.

Hatua ya sita: amri

Ukiwa bado kwenye dirisha jeusi, kwanza jua herufi ya diski yenye Windows. Upande huu wa matengenezo herufi hubadilika, na ile uliyoizoea kuwa C yaweza kuitwa D. Andika dir C:\ na uone kama folda za Users na Windows zimo. Zisipokuwamo, jaribu D. Katika mifano hii nachukulia kwamba ni C. Amri ya kwanza hukagua mpangilio wa diski:

chkdsk C: /f

Ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na ugonjwa wenyewe, kwa kuwa hufuta kazi zote za sasisho zilizobaki zinasubiri kumaliziwa:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Ya tatu hukagua mafaili ya mfumo na kuyarudisha yaliyoharibika:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Zingatia nafasi baina ya maneno, kwa sababu ukiunganisha yasiyounganishwa amri hukataliwa. Baada ya kila amri subiri mpaka mstari wa kuandikia urudi. Funga dirisha, uchomoe flashi, na uwashe. Kompyuta ya mwalimu iliwaka baada ya amri ya pili. Ya tatu niliifanya kwa ajili ya usalama tu.

Ikiwa kompyuta inalalamika kwamba haioni mfumo wowote wa kuwasha, mafaili ya kuwashia ndiyo yaliyoumia. Yamo katika sehemu ndogo ya diski yenye mtindo wa FAT32, mara nyingi ya MB 100 hadi 260. Andika diskpart, kisha list volume, utafute namba ya sehemu hiyo, na uendelee hivi ukibadilisha 3 kwa namba uliyoiona:

select volume 3
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ndani ya diskpart usiandike neno clean wala format hata kwa majaribio.

Hatua ya saba: kuirejesha Windows

Yote yakishindikana, rudi mwanzo wa ukurasa wa buluu, chagua "Troubleshoot", kisha "Reset this PC", na hapo uchague "Keep my files". Mafaili yako binafsi hubaki, lakini programu ulizozisakinisha huondoka, hivyo andaa leseni ya programu za hesabu au za uchapaji kama unazo. Ukichagua ipakue Windows kutoka intaneti, itakula zaidi ya GB 4. Kwa mwenye bando dogo ni afadhali kuchagua "Local reinstall", ingawa hutumia mafaili yale yale yaliyomo kwenye kompyuta na huenda nayo yameumia. Kupiga Windows upya kwa flashi kunakuja baada ya hapa.

Ikishawaka

Ingia kwenye Command Prompt kama msimamizi na uandike:

powercfg /batteryreport

Utaelekezwa kwenye ripoti yenye mistari miwili ya kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo iliobaki nao. Ya mwalimu ilikuwa imebaki na chini ya sehemu ya kumi. Betri ya namna hiyo haiwezi kubeba sasisho, kwa hiyo ama ibadilishwe, ama kompyuta ichomekwe kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba, wakati wa kusasisha. Wakati unatafuta betri, nenda kwenye mipangilio ya Windows Update na usitishe masasisho. Windows 11 huruhusu kusitisha mpaka wiki tano, na ni kosa kuyazima moja kwa moja, kwa kuwa ndiyo yanayoziba mianya ya usalama.

Wenye Windows 10 wana jambo la ziada. Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wanaoniletea kompyuta siku hizi walikuwa wakipanda kwenda Windows 11, ambalo ni sasisho kubwa na linaweza kuchukua zaidi ya saa moja kwenye kompyuta ya polepole. Kabla ya kulianza, hakikisha diski si ndogo kuliko GB 64, acha nafasi ya kutosha iliyo wazi, na uthibitishe kwamba kompyuta ina TPM 2.0, yaani kijenzi cha usalama ambacho Windows 11 hukidai. Lianzishe asubuhi, betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, siku ambayo hakuna taarifa ya umeme kukatwa mtaani kwenu, na flashi yenye nakala ikiwa imeshachomolewa na kuwekwa kwenye droo.